Nyumba Iliyoshuka Mombo

Enzi zetu sisi watoto wa Mlalo, kule milima ya Usambara, breki ilikuwa kisigino. Ulikuwa na gari lako la mbao, magurudumu yamechongwa kwa panga, ekseli imepakwa ganda la ndizi mbivu ili iteleze. Unalivuta mpaka juu kanisani, unakaa, unaomba Mungu, unaachia. Huko chini kuna kona, na baada ya kona kuna shamba la kabichi la mzee mmoja mkali sana. Mwenye kisigino kigumu alifika kwao salama, mwenye kisigino laini alifika kwenye kabichi. Mimi nilikuwa msichana, na wasichana tulikatazwa mchezo ule, lakini muulizeni yeyote wa rika langu ni nani aliyekuwa na kisigino kigumu kuliko wote. Mpaka leo nikienda kununua viatu, muuzaji akinigusa mguu anaguna.

Siku hizi namwona kijana amevaa kofia ngumu, glavu na miwani ya rangi, anaendesha baiskeli kwenye lami iliyonyooka, na kabla hajaondoka anajipiga picha. Akirudi anasema amechoka. Mwanangu, umechoka nini? Sisi tulikuwa tunaamka ukungu umeingia mpaka ndani, huoni kuku wako mwenyewe, unakunywa uji wa moto unaokubabua ulimi, unabeba kuni za shule kichwani na kiazi cha kuchoma mfukoni. Kiazi kile kilikuwa na kazi mbili, kukupasha joto mkono asubuhi na kukushibisha mchana. Wengi wetu kilitushinda njiani, tukafika shuleni na mikono ya baridi na midomo myeusi kwa masizi.

Sasa, mtu aliyeteseka zaidi na magari yetu ya mbao alikuwa baba yangu. Baba alikuwa fundi seremala, na alikuwa mwoga wa ajali kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kupelekea watu milango na vitanda vyao, na kabla ya kuiwasha aliizunguka yote, anapiga teke kila tairi, anachungulia chini, anavuta kila kamba, kisha anaizunguka tena kwa upande wa pili kana kwamba tairi zingekuwa zimehama. Akituona tunateremka na gunia la viazi limewekwa nyuma ya gari la mbao, anatoka karakana na randa mkononi akipiga kelele: "Mzigo mzito mbele! Mwepesi nyuma! Mtu katikati!" Tulimwitikia kwa pamoja kama tunavyoitikia katekisimu. Na kweli, ukiweka gunia nyuma kabisa, gari linainua pua, usukani unakuwa mwepesi, halafu hiyo kabichi unaiona inakuja.

Tuliishi na Bibi, mama yake Baba. Bibi hakuogopa mtu, hakuogopa nyoka, na mwinjilisti mmoja aliyewahi kuhubiri muda mrefu kupita kiasi aliambiwa na Bibi mbele ya usharika mzima kwamba maharage yanaungua nyumbani. Lakini gari lilimweza. Akikaa tu kwenye kiti, hata halijawashwa, mate yanamjaa mdomoni. Alikuwa amejaribu basi mara kadhaa kwenda Moshi, na kila mara hadithi iliishia Soni. Pale Soni barabara inapoanza kutumbukia kuelekea Mombo, Bibi alikuwa anachungulia dirishani, anaona dunia imeisha, anasema, "Nishusheni." Anashuka na kikapu chake, anarudi kwa miguu, analala kwa ndugu Lushoto, kesho yake tunamwona anatokea kwenye ukungu, amekasirika kana kwamba sisi ndio tuliomfukuza.

Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama si Shangazi Eliza. Shangazi alikuwa kitinda mimba wa Bibi, mwalimu Moshi, na alikuwa amepata mchumba huko huko. Harusi ilipangwa, Bibi akaishia Soni, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, Bibi akaishia Soni. Shangazi alisema bila mama yake kanisani haingii, hata azeeke. Upande wa bwana harusi wakaanza kunong'ona kwamba labda mama mkwe hawataki. Mchungaji wa kule naye akatuma neno kwamba tarehe anatoa hii ya mwisho. Bibi alilipokea lile neno akiwa anachambua mboga, akazidi kuchambua. Jioni nilimkuta nyuma ya jiko anafuta machozi kwa ncha ya kanga, na sikuwahi kumwona Bibi akilia kabla ya hapo.

Ndipo Baba akaingia karakana na kuanza kupima.

"Mama hawezi kukaa," alisema. "Lakini kulala anaweza. Basi atakwenda Moshi amelala nyumbani kwake."

Akajenga nyumba juu ya pikapu. Sisemi turubai, nasema nyumba: kuta za mbao, paa la bati, dirisha dogo lenye pazia la maua, mlango nyuma wenye komeo. Aliifunga kwenye chesesi kwa boliti nene na minyororo, akaitikisa, akatuita watoto wote tuitikise. Ndani kulikuwa na kitanda kilichopigiliwa sakafuni, kasha la vyombo lililosukumwa mbele kabisa karibu na dereva, na kigoda kimoja. Bibi alitaka paa liwe juu ili asimame na kilemba chake. Baba alikataa katakata, akasema nyumba ndefu itatupiga mwereka kwenye kona na itagombana na matawi ya msitu wa Magamba. Basi kila aliyeingia aliinama, na Bibi akasema afadhali, watu watajifunza heshima.

Kwa kuwa kioo cha nyuma kilizibwa na nyumba, Baba alipitisha kamba kwenye tundu, ncha moja kwa Bibi, ncha nyingine kwenye kengele ya ng'ombe iliyoning'inia kwa dereva. Ukivuta mara moja, simama. Mara mbili, Bibi anataka kutapika. Ukivuta mfululizo, nyumba imeng'oka. Mkanda wa usalama hatukuujua, lakini Baba hakukubali mtu asafiri bila kufungwa. Bibi akaenda sandukuni, akatoa mbeleko aliyombebea Shangazi Eliza, akasema, "Nifungeni na hii. Yeye ilimtosha, na mimi itanitosha." Ikamtosha kweli, akafungwa kitandani kama mtoto mgongoni.

Kosa letu lilikuwa moja tu: ile nyumba tuliiita nyumba. Kwa Wasambaa wa Mlalo, nyumba ni nyumba. Ilipokamilika tu, majirani wakaja kuiona, na kwenye nyumba mpya huji mikono mitupu. Mmoja kaleta mkeka, mwingine chungu, mwingine jogoo, mwingine debe la mapeasi ya kumpelekea bi harusi. Baba alivitoa kwa mlango wa nyuma, Bibi akavirudisha kwa mlango ule ule. Mzee wa kanisa alikuja kuiombea, akaomba vizuri sana, akawabariki waliomo ndani na wote watakaoingia. Baba alifungua jicho moja aliposikia "wote watakaoingia", lakini sala ilikuwa imeshafika kwa Mungu.

Asubuhi ya safari Baba aliizunguka pikapu mpaka Mama akamwambia atatoboa ardhi. Mama akakaa mbele naye, mimi nikawekwa nyuma na Bibi, chini karibu na kasha, nimefungwa kwa kamba kiunoni na beseni nimelipakata. Beseni ndilo lililokuwa cheo changu. Kabla hatujaondoka, tukasikia hodi. Alikuwa Bi Zaina, jirani yetu, muuza ugoro, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi kuliko redio. Yeye Mwislamu na Bibi Mlutheri, walikuwa wakitaniana tangu usichana wao, kila mmoja akimwambia mwenzake atamwombea nafasi peponi kwa mlango wa nyuma.

"Hodi mwenye nyumba!"

"Karibu, Zaina. Kaa."

Angesema nini? Mtu amepiga hodi. Bi Zaina akainama, akaingia, akakaa kwenye kigoda, akasema kwa kuwa anakwenda gulio la Soni, atamsindikiza Bibi hadi huko. Bibi akaniambia nimmiminie mgeni chai kutoka kwenye chupa. Nikammiminia, kikombe cha bati, kimejaa. Gari likaondoka.

Nisikilizeni sasa jinsi watu wenye adabu wanavyoweza kuuana. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima barabarani bila kumwamkia, tena ukiwa na gari ndiyo mbaya zaidi, watasema amepata gari amesahau alikotoka. Bibi alikuwa amelala, lakini pazia alikuwa amelisogeza kidogo. Kila alipomwona mzee anayemfahamu, kengele, ngo! Baba anasimama. Mzee anasogea, anaona mlango, anapiga hodi. Bibi anajibu karibu. Mzee anaingia, anakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa bahati kila mzee siku hiyo alikuwa anakwenda gulioni Soni. Tulipotoka msitu wa Magamba tulikuwa na wageni wa kutosha kufungua ibada. Tulipopita Lushoto mjini mmoja wao alikuwa amekaa juu ya debe la mapeasi, jogoo yuko mapajani mwa mwingine, na Bi Zaina anasimulia msiba wa watu ambao hakuna aliyewajua. Baba huko mbele aliona tu watu wanasogea nyuma kusalimia, akadhani wakimaliza wanaenda zao.

Lakini usukani haudanganyi. Karibu na Soni Baba alianza kuhisi gari linainua pua. Akamwambia Mama, "Mbele kumekuwa kwepesi." Mama akasema labda ni tairi. Baba akaegesha pale Soni, akaweka jiwe mbele ya gurudumu kama kawaida yake, akaja nyuma, akafungua mlango. Wazee wote wakamtazama.

Ningependa muione sura ya baba yangu. Alitaka kupiga kelele, ila hakuna namna ya kuwapigia kelele watu ambao hujawaamkia. Akaanza, shikamoo mzee, marahaba, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, nyumbani hawajambo, mmoja baada ya mwingine, hasira ikimtoka jasho kwenye paji la uso. Alipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hawa ni nani?"

"Wageni wangu."

"Mama, gari limezidiwa. Uzito wote umekaa nyuma. Tukiteremka hivi na hizi kona, breki zitaungua, tutafika Mombo kabla ya barabara."

"Sasa niwafukuze watu nyumbani kwangu?"

Wazee wenyewe waliona aibu, wakasema hapana, sisi tunaishia hapa hapa Soni, tunashuka. Wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakiinama, asante kwa chai, safari njema. Na hapo ndipo nilipomwona Bibi akifungua fundo la mbeleko.

"Unakwenda wapi, Bibi?" nikauliza.

"Wageni wanasindikizwa," akasema. "Nawasindikiza hapo kidogo."

Nilijua, na Mama alijua, na Baba alijua zaidi. Akishuka pale, akaliona lile bonde, huyo kikapu mkononi anarudi Mlalo. Alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje, ameshika mlango, na macho yake yalikuwa yameshaona mahali barabara inapotumbukia. Rangi ikambadilika. Mama alikuwa ameshuka mbele, amekumbatia mfuko wa nguo za harusi. Mwana atamwamrishaje mama yake? Hapo harusi ya Shangazi ilikuwa imeshakufa, tulikuwa tunasubiri kuizika tu.

"Mie chai yangu bado," ikasema sauti kutoka ndani.

Bi Zaina alikuwa hajainuka. Amekaa kwenye kigoda, kikombe cha bati mikononi, anapuliza.

Bibi akageuka, mguu mmoja ndani mmoja nje. "Kunywa basi, Zaina, watu wanasubiri."

"Ya moto."

"Tangu Mlalo?"

"Mwenyewe unajua mimi na moto hatupatani. Sasa unaniacha peke yangu kwenye nyumba ya watu, niibe?"

Bibi aliwatazama wale wazee waliokwisha fika kwenye genge la mapeasi. Akamtazama Bi Zaina. Mwenye nyumba hawezi kutoka akamwacha mgeni na kikombe mkononi, hilo halipo. Akarudisha mguu ndani, akasonya, akalala, akajifunga mbeleko mwenyewe. Baba alifunga mlango taratibu sana, kama mtu anayefunga tundu la kuku asije akamwamsha jogoo. Nilimsikia akivuta pumzi hadi mwisho. Kisha akalizunguka gari, akatoa lile jiwe, akaweka gia ya pili.

Gia ya pili ile ile, mpaka chini. Injini ilikuwa inanguruma na gari linateremka kwa mwendo wa kuku anayerudi bandani, breki Baba anaigusa tu na kuiachia, honi kabla ya kila kona, akikutana na lori linalopanda anajibana pembeni na kulipisha. Ndani Bibi alikuwa amefumba macho. Kila kona mate yalimjaa, mimi nasogeza beseni, na kila nilipolisogeza Bi Zaina alimwuliza Bibi swali, na maswali yake yalikuwa ya uchokozi mtupu. Hivi ni kweli wewe ndiye uliyeshindwa kusonga bada, ugali wa muhogo tu, siku walipokuja wifi zako? Hivi yule kijana wa Bumbuli alikukataa au ulimkataa? Bibi alikuwa anafungua macho, anafoka, anajieleza, anasahau kutapika. Mara akisema, "Zaina, maliza hiyo chai ushuke," Bi Zaina anakigusa kikombe kwa midomo kama ndege anayekunywa maji, anatikisa kichwa. "Bado."

Mombo joto likatupiga, tukavua masweta. Askari wa barabarani akatusimamisha, akauliza hili ni gari au nyumba. Baba akasema vyote viwili, afande. Askari akafungua mlango. Bibi akamtazama.

"Kwenu hampigi hodi?"

Askari alifunga mlango, akapiga hodi, akakaribishwa, akavua kofia, akaamkia. Akamwambia Baba nyumba ni nzuri ila watu wangekaa mbele wote ingekuwa salama zaidi, na huko Same kuna upepo wa pembeni, kwa kimo hicho apunguze mwendo. Baba alifurahi kukutana na mtu mwoga mwenzake, wakazungumza kuhusu upepo hadi Mama akapiga honi.

Bi Zaina hakushuka Mombo. Hakushuka Same, upepo ulipoitikisa nyumba nasi tukaimba nyimbo za kanisa, yeye akiitikia pale alipoyajua maneno. Tulifika Moshi jua likiwa bado lipo. Shangazi Eliza alitoka mbio na nywele nusu zimesukwa, akafungua mlango bila hodi, siku hiyo alisamehewa, akaanguka juu ya kile kitanda akamkumbatia mama yake na mbeleko yake, wakalia wote wawili kwa sauti. Na mimi na beseni langu kavu nikalia.

Bi Zaina akashuka wa mwisho, akamwaga chai kwenye majani, kikombe kizima. Akajinyoosha mgongo. "Haya," akasema, "nimemaliza."

Kwenye picha ya harusi ile, ambayo ninayo hadi leo, Bi Zaina amesimama mbele kabisa, katikati ya bwana na bibi harusi, na kifuko chake cha ugoro. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Miaka mingi baadaye, Bi Zaina alipofariki, nilimwuliza Bibi kama alijua siku ile. Bibi akaniangalia kana kwamba mimi ni mtu mjinga. "Chai gani inakaa moto kutoka Mlalo mpaka Moshi?" akasema. "Lakini angekuwa amesema 'usishuke', ningeshuka." Kisha akageukia ukutani.

Sasa mwanangu Daudi ana pikapu yenye nyumba mgongoni, ya kuwatembezea watalii wa jabali la Irente na kwingineko. Nyumba hiyo, jamani! Ina jiko, ina friji, kitanda kinajikunja, kila kabati lina kufuli lake lisifunguke njiani. Gari lina kamera ya nyuma, na kuna mwanamke asiyeonekana anayemwambia pinda kushoto. Nimeikagua kama Baba angeikagua, nimepiga teke tairi zote, sina la kusema. Watu wote hukaa mbele na mikanda, nyuma hapandi mtu gari likitembea. Ndiyo sahihi, hata yule askari wa Mombo alisema. Baba angelia kwa furaha.

Mwezi uliopita Daudi alinichukua Mlalo twende Moshi kumwona Shangazi Eliza, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu. Tulipita Magamba vioo vimefungwa, muziki unalia polepole. Nikamwona mzee mmoja ninayemfahamu, nikanyoosha mkono kutafuta kamba ya kengele. Hakuna kamba. "Mama, hapa kuna kona, siwezi kusimama," Daudi akasema, na alikuwa sahihi tena. Nikageuka, nikachungulia ile nyumba nzuri kwenye kioo kidogo. Imetandikwa, imefungwa, inasafiri tupu.

Soni nilimwambia asimame. Nilishuka, nikaliangalia lile bonde, na nawaambia ukweli, kidogo nirudi nyumbani. Si kwa kuogopa. Nilimkaribisha mama mmoja muuza mapeasi aje anywe chai ndani, akacheka, akasema asante mama, ana haraka, ila kama sijali angependa apige picha mlangoni. Akapiga, akaenda.

Nikarudi mbele, nikafunga mkanda, nikatoa chupa ya chai. Pale katikati ya viti kuna matundu mawili ya kuwekea vikombe, kazi safi, hata kwenye kona hakimwagiki kitu. Nikamimina viwili.

"Mimi sinywi nikiendesha, Mama," Daudi akasema. "Hicho cha pili cha nani?"

"Cha mgeni. Weka gia ya pili, tushuke."

Changu nilikimaliza kabla ya kona kubwa. Kile kingine, mpaka Moshi, kilikuwa bado.